Boila Inayowaka na Kuzima: Seva Iliyogoma Kutulia Chini ya Nyumba

Leo tunaweka kando PHP na hifadhidata. Nataka kuwaeleza habari za mashine isiyo na hata mstari mmoja wa msimbo ndani yake, lakini iliyokuwa na hitilafu ambayo kila mwandishi wa programu ataitambua papo hapo: inaanza kazi, inakata, inaanza tena, inakata tena, usiku kucha. Sisi tungesema seva inajizima na kujiwasha kila dakika mbili. Kule nilikokuwa walisema tu kwamba boila ni mbovu na inunuliwe nyingine.

Dadangu anaishi Lowell, Massachusetts, mji wa viwanda vya zamani vya nguo ambao siku hizi una Wakenya wengi mno, kiasi kwamba kupata unga wa ugali si shida hata kidogo. Nilimtembelea Januari 2025. Alikuwa amejifungua Desemba, na Mama alikuwa amesafiri kutoka nyumbani kuja kumsaidia kulea. Sasa hebu fikirieni Mama, mtu wa Kirinyaga, ambaye kwake baridi ni ile ya Julai inayokwisha saa nne asubuhi jua likitoka. Amewekwa chumba cha ghorofa ya juu, nje theluji imefika magotini, usiku kipimajoto kinashuka nyuzi kumi chini ya sifuri, na chuma cha kupasha joto kilicho chini ya dirisha lake hakina joto lolote. Alikuwa akilala na koti, leso mbili na soksi za shemeji. Mtoto naye walikuwa wamemhamishia sebuleni, mahali pekee palipokuwa na joto la kueleweka.

Fundi wa kwanza alikuwa amekwisha kuja kabla sijafika. Alitazama, akatikisa kichwa, akaacha karatasi: boila mpya, dola elfu kumi na mbili. Dadangu anafanya kazi ya uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, na pesa alizokuwa nazo akibani zilikuwa karo ya mdogo wetu wa mwisho. Alikuwa tayari amejaza fomu ya mkopo. Nilimwomba anipe siku nne.

Kabla sijaendelea, niwaeleze mfumo wenyewe, maana hapa kwetu hatuna. Tukisikia mvuke tunafikiria gari moshi la zamani, au Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme tangu 1981. Nyumba ya dadangu ni ya mbao, imejengwa miaka ya 1920, na chini yake, katika chumba kilichochimbwa ardhini, kuna boila inayochoma mafuta yanayofanana sana na dizeli ila yametiwa rangi nyekundu. Maji yanachemka, mvuke unapanda wenyewe katika mabomba bila pampu, unaingia ndani ya rejeta za chuma zilizo kila chumba. (Rejeta ni kama ile ya gari, isipokuwa ya gari hutupa joto nje na hizi huliingiza ndani.) Mvuke ukigusa chuma baridi unageuka maji, na hayo maji yanateremka kwa bomba lile lile ulilopandia. Bomba moja tu, kupanda na kushuka. Hakuna kifaa kinachozunguka nje ya kile kichomeo cha mafuta. Mimi niliupenda mfumo huu siku ile ile.

Ujanja wake uko katika hesabu ya joto. Kuchemsha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji kilojuli 335 hivi. Kuyageuza yale maji ya nyuzi 100 kuwa mvuke wa nyuzi 100 kunahitaji kilojuli 2,257 zaidi. Huo mzigo wote mvuke unaubeba kimya kimya hadi chumbani na kuutua pale unapogeuka maji. Tena maji yakigeuka mvuke yanatanuka zaidi ya mara 1,600, ndiyo sababu hauhitaji kusukumwa.

Jambo la pili la kushangaza ni presha. Nilidhani boila ya mvuke ni bomu. Kumbe mfumo wa nyumbani hufanya kazi vizuri kwa presha ya chini kuliko unavyodhani, kama 1.5 kwa kipimo cha pauni kwa inchi mraba, kile kile tunachotumia kujaza upepo matairini. Tairi la gari ndogo ni 30 hivi. Vali ya usalama juu ya boila hufunguka ikifika 15. Kwa hiyo presha ikipanda haina maana kwamba nyumba inapata joto zaidi. Mara nyingi ina maana kwamba kuna mahali mvuke umezuiwa.

Haya, turudi kwenye hitilafu. Mtu wa programu akiambiwa "seva ni mbovu, nunua nyingine" swali lake la kwanza ni: kumbukumbu za matukio ziko wapi? Boila haina kumbukumbu. Nikachukua rununu ya zamani ya shemeji, nikaichomeka chaja, nikaiweka juu ya rafu kule chini ikirekodi sauti usiku mzima. Kichomeo cha mafuta kikiwaka hunguruma, kikizima ni kimya, kwa hiyo huhitaji kihisio chochote cha bei. Asubuhi nikaihamishia ile sauti kwenye kipakatalishi changu, nikaandika Python ya mistari kama thelathini inayopima ukubwa wa sauti kila sekunde na kuandika muda wa kila kuwaka na kila kuzima.

Matokeo yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Themostati ikiita joto boila ikiwa baridi, kichomeo kiliwaka dakika kumi na mbili mfululizo, kisha kikakata. Baada ya hapo ikawa sekunde 110 kinawaka, sekunde 150 kimezima, 110, 150, 110, 150, kwa utaratibu wa saa ya ukutani. Kuwaka mara 13 au 14 kwa saa! Na kila mara kabla ya kukata, ukisikiliza kwa makini, kulikuwa na mlio mdogo: tak.

Mnaona utaratibu huo unavyosema? Hitilafu ya waya uliolegea haina ratiba. Hitilafu yenye ratiba ni kitu kinachojaa na kupungua.

Wanaoweza kuamuru kichomeo kizime ni wanne, nao wameunganishwa kwa mfululizo, mmoja akikataa wote wamekataa. Wa kwanza ni themostati ya sebuleni. Nilimwachia Mama kazi hiyo: yeye alikaa na mtoto karibu nayo na kunipigia kelele kila mara alama ya moto ikitoweka kwenye kioo chake. Haikutoweka hata mara moja katika nusu saa, huku chini kichomeo kimekwisha kuzima mara saba. Wa pili ni jicho linalotazama kama ndimi za moto zipo. Hilo likikosa moto hujaribu tena kidogo kisha linajifunga hadi mtu abonyeze kitufe chekundu, na hakuna aliyekibonyeza. Wa tatu ni mlinzi wa maji, anayezima moto maji yakipungua ili chuma kisiungue. Taa yake ya onyo haikuwaka, na katika bomba dogo la kioo lililo ubavuni mwa boila maji yalikuwa nusu, yametulia. Akabaki wa nne, swichi ya presha, ambayo ndiyo hutoa ule mlio wa tak.

Fundi wa haraka hapo angebadilisha swichi. Lakini swichi ilikuwa inafanya kazi yake! Ilikuwa imewekwa ikate presha ikifika 3 na kuruhusu ikishuka hadi 2. Swali ni kwa nini presha inafika 3 wakati rejeta ya chumba cha Mama bado ni baridi kama jiwe la mtoni. Mvuke upo, nafasi ya kuuweka ipo, na havikutani.

Hapo nikampigia mjomba. Mjomba alifanya kazi zaidi ya miaka ishirini kwenye chumba cha boila katika kiwanda cha chai, zile boila kubwa za kuni zinazotoa mvuke wa kukaushia majani. Ni mtu ambaye hajawahi kuona theluji. Nilimweleza yote kwenye simu, akanisikiliza bila kunikatiza, kisha akaniuliza swali moja tu:

"Na hewa inatokea wapi, kijana wangu?"

Nikamwambia kuna vijivali vidogo kwenye kila rejeta.

"Hizo ni za rejeta. Nakuuliza ya bomba kubwa. Mvuke hauwezi kuingia mahali ambapo hewa haijatoka. Fuata bomba kubwa mpaka mwisho wake, kabla halijateremka kurudi kwenye boila. Ukifika hapo niambie unaona nini."

Nilichukua tochi nikalifuata lile bomba la inchi mbili linavyozunguka dari ya chumba cha chini, nikipita nyuma ya baiskeli, maboksi ya Krismasi na mashine ya kufulia. Mwishoni, mahali ambapo kungetakiwa kuwe na vali ya kutoa hewa, palikuwa na kizibo cha chuma. Kizibo! Kimepakwa rangi juu, rangi yenyewe ya miaka mingi. Mtu fulani zamani aliona vali inavuja, akaona ni rahisi kuziba kuliko kununua nyingine.

Nikakokotoa. Bomba lile lina urefu wa mita 12 hivi, kwa hiyo linabeba lita 26 za hewa, mtungi wa maji wa lita ishirini na zaidi, mbali na hewa iliyo ndani ya rejeta zenyewe. Hewa yote hiyo ilikuwa inalazimishwa kutokea kwenye vitundu vya vali za rejeta, ambavyo sindano ya kushonea ingepata taabu kupita. Nilipozikagua hizo vali saba, tatu zilikuwa zimeziba kabisa kwa kutu na rangi: ukipuliza kwa mdomo, hakuna kinachopita. Na rejeta mbili za juu zilikuwa zimefungwa na wapangaji waliotangulia, vishikio vyao vimefunikwa na zulia.

Sasa kitanzi kizima kinaonekana. Moto unawaka, mvuke unapanda, unakuta hewa haina pa kutokea, unabanwa, presha inafika 3, tak, moto unazima. Mvuke unapoa na kusinyaa, presha inashuka hadi 2. Tak, moto unawaka, kazi ya kuibana hewa inaanza upya. Kila kuwaka kuna gharama yake, maana mafuta huungua vibaya katika sekunde za kwanza na kuacha masizi, mota inachakaa, na feni inapitisha hewa baridi ndani ya boila. Dadangu alikuwa akinunua mafuta ya kuzungusha hewa huku na huku ndani ya bomba.

Lakini nilikuwa bado na swali. Hata hewa ikitoka, boila yenyewe ni kubwa kiasi gani kwa nyumba hii? Rejeta za chuma cha kusubu zina hesabu nzuri: unahesabu vipande, unatazama urefu na idadi ya nguzo, unakwenda kwenye jedwali. Za dadangu zote ni vipande 54, na kila kipande cha aina ile hutoa kama wati 350 kikijaa mvuke. Jumla ni kilowati 19. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya kupasha mabomba, inafika 25. Boila, kwa nozeli iliyokuwa ndani yake ya galoni 1.25 kwa saa, ilikuwa ikitoa kilowati 43 hivi. Sufuria ndogo juu ya jiko la harusi! Na zile rejeta mbili zilizofungwa zilikuwa zinaipunguza sufuria zaidi.

Kwa nini mtu aweke boila kubwa hivyo? Dan Holohan, Mmarekani aliyeandika kitabu kizima kuhusu mvuke wa majumbani mwaka 1992, anaeleza kwamba baada ya mafua makuu ya 1918 watu waliamini hewa safi ndiyo kinga, wakajenga mifumo yenye nguvu ya kupasha nyumba huku madirisha yako wazi katikati ya baridi. Rejeta zikawa kubwa tangu mwanzo. Kisha kila mara boila ikibadilishwa, fundi anasoma namba ya ile ya zamani na kuongeza kidogo "kwa usalama", bila kuzihesabu rejeta. Sisi wa seva tusicheke, tunayajua haya.

Kuanzia hapo kazi haikuwa yangu. Kuchungulia, kurekodi na kuhesabu ni sawa, lakini kichomeo cha mafuta hakifunguliwi na mgeni wa dadako. Moto ukiungua vibaya unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na ndiyo sababu Massachusetts imelazimisha kila nyumba ya namna hii iwe na king'ora chake tangu 2006. Jambo la kwanza nililofanya siku ile niliyofika ni kubonyeza kitufe cha kujaribia king'ora cha dadangu, kikalia, mtoto akaamka, nikafukuzwa chini.

Jirani alitupendekezea mzee mmoja mwenye leseni aliyekuwa amezoea mvuke tangu ujana wake. Nilimwonyesha ile grafu ya sauti. Aliitazama kwa muda, akacheka, akasema amesikia boila nyingi katika maisha yake lakini hajawahi kuiona sauti ya hata moja. Alipofika kwenye kizibo hakusema neno, alichukua tu spana kubwa.

Kizibo kilitoka baada ya kupashwa moto na kugongwa, na mahali pake ikawekwa vali kubwa ya hewa. Akabadilisha zile vali tatu za rejeta na kufungua rejeta mbili zilizofungwa, akisisitiza kwamba katika mfumo wa bomba moja vali ya rejeta hufunguliwa yote au hufungwa yote. Ukiiacha nusu, maji na mvuke vinagombania mlango na bomba linagonga kama nyundo. Chini ya swichi ya presha kuna kibomba kilichojikunja kama mkia wa nguruwe, kazi yake ni kushikilia maji kidogo ili mvuke usiifikie swichi. Alikifungua kikatoka tope la kutu jeusi, na swichi yenyewe akaishusha ianze 0.5 na kukata 1.5. Mwisho akaweka nozeli ya galoni moja kwa saa, kiwango cha chini kabisa ambacho bamba la boila linaruhusu, akapima moshi kwa kifaa chake na kurekebisha hewa mpaka akaridhika. Hilo pekee lilipunguza nguvu kwa moja ya tano.

Mimi nilibakiwa na themostati. Hii ya kisasa ina menyu iliyofichwa, na ndani yake mtu alikuwa ameacha namba ya kiwandani, kurudia mara 5 kwa saa, ambayo ni ya nyumba zinazopashwa kwa hewa moto. Mvuke unataka 1. Sikubadilisha kingine.

Gharama yote, vali na kazi, ilikuwa dola mia sita na kitu.

Usiku ule nikaiweka tena rununu kwenye rafu yake. Kutoka baridi, kichomeo kiliwaka dakika 26 bila kukata. Rejeta ya Mama, ambayo hapo awali haikupata joto kabisa, ilikuwa haishikiki baada ya dakika 18. Katika saa iliyokuwa na shughuli nyingi kuliko zote, kiliwaka mara 3. Mara 14 hadi mara 3! Bado boila ni kubwa kuliko inavyotakiwa na itaendelea kuwa hivyo hadi siku itakapokufa yenyewe. Siku hiyo dadangu anayo karatasi yenye hesabu ya vipande 54 imebandikwa ukutani kule chini, ili fundi atakayekuja asisome namba ya ile ya zamani. Fomu ya mkopo ilichaniwa mezani wakati wa chai.

Nilimtumia mjomba picha ya kile kizibo. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, sekunde tano hivi, akicheka tu.

Kilichobaki ni rejeta ya bafuni, iliyokuwa ikibubujika kama mtu anayesukutua. Sakafu ya mbao imelala upande mmoja kwa miaka mia moja na rejeta imelala nayo, ikainamia upande wa vali ya hewa badala ya upande wa bomba, kwa hiyo maji yalikuwa yakikaa ndani badala ya kurudi. Shemeji aliinua miguu ya upande ule, mimi nikasukuma vibanzi viwili vya mbao chini yake, tukaweka pimamaji juu. Tangu hapo imenyamaza.